Mafundo ya Mkiani

Ndege ya mume wangu ilijengwa uani kwetu Nsemulwa, kwa mabomba ya alumini, turubai na injini ya gari dogo. Majirani walimwita rubani wa turubai, naye akacheka nao. Mimi sikucheka. Yeye ni fundi umeme wa pikipiki, na pikipiki ikizimika unashuka ukaisukuma. Ndege ikizimika, unashukia wapi?

Waya za taa ya nyuma zilipaswa kupita ndani ya kiwiliwili cha ndege mpaka mkiani, njia nyembamba ambayo mikono yake haiingii. Yangu inaingia. Basi nikawa nalala kwenye mkeka, nachomeka mkono hadi begani, nafunga waya kwenye bomba la juu kwa vipande vya mpira wa tyubu. Chini yake hupita kebo ya kugeuzia mkia.

"Waya ikidondokea hiyo kebo, mkia unakwama," aliniambia.

"Na mkia ukikwama huko juu?"

Akainamia injini, akaendelea kukaza nati.

Siku ya kuijaribu tuliipeleka kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, nje ya mji. Alisema ataikimbiza chini tu, bila kuruka. Injini ikawaka, ndege nzima ikaanza kutetemeka. Hapo ndipo nikakumbuka nilivyofunga zile waya. Kwetu Mpimbwe, nilikozaliwa, mganda wa mpunga tunaufunga fundo la kuvuta, ili siku ya kupura uufungue kwa mkono mmoja. Nimefunga hivyo tangu utotoni, mikono haikuniuliza. Fundo hilo hushika vizuri likiachwa limetulia. Likitikiswa sana, linajifungua lenyewe.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilikimbilia upande wake, mbali na pangaboi, nikipunga kanga kama mwendawazimu.

"Zima! Zima, nakwambia!"

Akazima. "Nini tena, mama watoto? Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Fungua huku nyuma."

Aliguna, lakini akafungua kifuniko. Nikaingiza mkono, nikapapasa fundo la kwanza. Halikuwa langu. La pili pia halikuwa langu, wala lililofuata. Yote yalikuwa yamekazwa na kupakwa gundi, mafundo ya mtu asiyetaka yafunguke kamwe. Nikainama kutazama chini ya kiwiliwili, nikaona mshono mpya. Alikuwa ameibandua turubai, akafunga waya zote upya, akaishona tena bila kuniambia.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Tumevuna wote mpunga miaka yote hii. Mafundo yako nisiyajue?"

"Mbona hukusema?"

Alitazama mwisho wa shamba. "Ningesema, ungejua nataka kuruka."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika nisimwachie. Mtu wa kukimbiza ndege chini tu hafumui turubai nzima kwa sababu ya waya. Naye aliogopa, tena pengine kuliko mimi, na bado alikuwa anakwenda.

Sababu yangu ya kumzuia ilikuwa mafundo, na mafundo hayakuwa na kosa lolote. Nikasema kifuniko nitakirudisha mwenyewe. Nilikaza skrubu polepole, moja baada ya nyingine, maana ya mwisho ikishaingia, ataondoka.