Walipotuhamishia Kanda ya Kimbiji

Jioni nauza chapati nje ya hosteli za wanafunzi, Mabibo, na nikwambie kweli, wateja wangu wana kelele kuliko kuku wa sokoni. Juzi walikuwa wanabishania michezo ya vyuo. Eti kuna fununu kwamba kanda zinapangwa upya, vyuo vya Dar vitachanganywa na vya mikoani.

“Sie tunatupwa Mbeya,” kijana mmoja akasema, mdomo umejaa.

“Mbeya nani awatake? Timu yenyewe mnafungwa hadi na wapishi wa kantini!”

“We subiri. Mama, si bora tukafungwe ugenini, tutalii kidogo?”

Huyo mama ni mie. Nikamuuliza, mtaenda na nini?

“Na basi, mama! Ulidhani punda?”

Wakacheka wote. Nikageuza chapati yangu. Hawana kosa, hawajui wanaongea na nani.

Mie nilikulia Mtoni, Temeke. Shule yetu ya msingi ilikuwa upande huu wa bonde, watani wetu upande wa pili. Tulichota maji bomba moja nao. Asubuhi ya mechi tulimwagia uwanja maji kwa ndoo ili vumbi litulie, mistari tukachora kwa majivu ya majikoni kwetu. Jirani muuza samaki alifunga biashara mapema, hatumwoni hadi mpira uishe. Bibi yangu alikuja na sufuria ya mihogo ya nazi, bado inafuka, na harufu yake ilituvuta kuliko filimbi. Tukifungwa, kesho yake pale bombani hatuponi: “Leteni ndoo tuwajazie, nyie mikono imechoka kuokota mipira nyavuni!”

Nilikuwa mlinzi wa netiboli. Mfungaji wetu alikuwa mwenzangu wa dawati, msichana mrefu, akirusha mpira anatoa ulimi nje. Bibi alikuwa na sheria yake: mtoto hachezi mahali ambapo yeye akimwita hasikiki. Kwa watani wetu ng'ambo ya bonde alisikika vizuri sana, hadi tukaona aibu.

Nilipofika darasa la sita, afisa michezo wa wilaya akapanga kanda upya. Alitaka shule zenye timu kali zikae pamoja, apate kanda ya kuringia mbele ya wakubwa wake. Akatutoa kwa majirani akatutia na shule za Kimbiji, kule pwani. Mwalimu wetu wa michezo alimwambia tukisikia, “Mzee, Kimbiji mbali, na barabara mbovu.” Akajibiwa, “Si wilaya moja hiyo? Umbali uko wapi?” Siku hizo kweli Kimbiji ilihesabiwa Temeke. Kwenye ramani ya ofisini kwake palikuwa padogo, kiganja kinafunika.

Mwalimu mkuu akasema hiyo ni heshima kwa shule. Mwenye lori la mchanga akajitolea lori lake, tairi zimekwisha, eti anapenda michezo. Bibi alikataa nisiende. Mwalimu mkuu akaja nyumbani, akanywa chai yetu, akaapa atatulinda kama watoto wake. Watoto wake hawakupanda lile lori.

Tulikwenda tukiimba. Hatukufika. Kwenye mteremko wa vumbi breki zikagoma, lori likalala ubavu. Mie nilivunjika paja. Mwenzangu wa dawati alikufa palepale, karibu yangu, nikimwita.

Shule yangu iliishia wodini. Mguu uliunga vibaya, ndiyo maana unaniona nauza nimekaa. Msibani watu walisema ni mipango ya Mungu. Hapana. Mungu hakupanga kanda. Kanda alipanga afisa michezo, mwalimu mkuu akamwitikia, mwenye lori akatoa gari analojua ni bovu. Hao ndio, nawataja. Wawili wameshakufa, nao nawataja.

Siku hizi uwanja wetu una maghala, geti la bati na mlinzi asiyenijua. Lile bomba limeng'olewa. Ng'ambo ya bonde watoto hawajui kama waliwahi kuwa na watani. Hayo naweza kuyavumilia, mji unakua, watu wanajenga.

Nisichoweza kukivumilia ni kingine. Mwaka uliofuata, kabla sijaacha magongo, mwalimu wa michezo alikuja kutuambia tumerudishwa kucheza na majirani zetu kama zamani. Bibi akamuuliza, ilikuwaje, mlikaa vikao vingapi? Mwalimu akatazama chini. “Hakuna kikao, bibi. Niliingia ofisini, nikaomba, afisa akasema sawa.”