Kikoi cha Siku ya Kuozesha

Daktari aliutoa utumbo wangu nje, upande wa kushoto chini ya kitovu, akaubandikia mfuko. Akasema ni kwa miezi michache tu. Ndani kukipona ataurudisha. Nikamwambia hakuna tabu. Mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, na mchana akichuma karafuu za Pemba nzima peke yake, atashindwa na mfuko?

Kuumwaga mfuko nikakuzoea. Kuosha ngozi, kukata tundu la plasta likae sawasawa, ilibaki kidogo nimfundishe nesi. Maharage niliyaacha, maana nikiyala tumbo hupiga tarumbeta mpaka Msuka, mwisho wa kisiwa, wakasikia. Kilichonikosesha usingizi ni kimoja: binti yangu alikuwa anaolewa, nami nilitaka kumwozesha kwa ulimi wangu, msikitini kwetu Madungu.

Kaka yangu akaja mbio. "Yakhe, niwakilishe mimi nimwozeshe. Ukipasuka mbele ya wakwe?"

"Nipasuke, kwani mie puto?"

Nikaenda kwa shehe. Akanisikiliza, akasema, "Maradhi si aibu. Wakati wa sala ukiingia, mwaga, jisafishe, funga vizuri, tia udhu, uje. Mradi usiuchafue msikiti."

Mradi usiuchafue. Hapo ndipo penye kazi.

Siku chache kabla, nikajaribu nguo. Nikafunga kikoi kama nilivyokifunga tangu nibaleghe: chini ya kitovu, nikakaza kwelikweli, kanzu juu. Kumbe nimeubana mfuko katikati! Kitu kikakosa pa kushukia, kikasukuma plasta, ikabanduka. Alhamdulillahi nilikuwa uani kwangu. Mke wangu alicheka akashika ukuta.

"Baba watoto, umeufunga kama gunia la karafuu! Ulitaka kipite wapi?"

Akakata kanga kuukuu, akanishonea mkanda wa kuushikilia mfuko bila kuubana. Kikoi akanifunga mwenyewe, juu, karibu na makwapa.

"Nimekuwa mwanamwali anayetoka kuoga," nikalalamika.

"Vaa kanzu, nani atakuona?"

Siku yenyewe, ilipoadhiniwa alasiri nikamwaga, nikatia udhu, nikaenda. Baada ya sala nikakaa mkabala na bwana harusi, mkono wake mkononi mwangu. Shehe akamaliza hotuba. Msikiti kimya, ungesikia chungu akipiga chafya. Tumbo langu likaona ndiyo zamu yake: prruuu!

Kaka akafumba macho. Kijana wa watu akatazama tumbo lake mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Si wewe, mwanangu, ni mimi," nikamnong'oneza. Kisha nikapaza sauti: "Nimekuozesha binti yangu, kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa!" Alijibu upesi, sijapata kusikia upesi ule.

Haluwa ikapita, kahawa ikapita. Nilipoinuka nikageuka kulitazama busati nilipokaa. Kavu, safi. Nikamwona kaka naye kainama papo hapo, anapapasa.

"Watafuta nini?"

"Kofia yangu."

Kofia alikuwa kaivaa.