Dakika Ishirini za Kasuku

"Nimelalamika mara tatu kwa maandishi," kapteni alimwambia meneja wa ratiba. "Leo safari nne, kesho alfajiri nyingine tano. Sisi marubani au punda wa kukodi? Ratiba hizi ndizo zilizomuua Kasuku."

Meneja hakuinua kichwa. Akamjibu kwamba ndege za nauli nafuu hazileti faida zikiegeshwa, na aliyechoka aseme, vijana wamejaa mlangoni. Kisha akamsogezea fomu. "Kasuku alipumzika. Au huu si mwandiko wako?"

Ulikuwa wake.

Kasuku alikuwa rubani msaidizi wake, na jina hilo alipewa kwa kutojua kunyamaza. Angani, njia ikiwa shwari, marubani wawili huruhusiwa kupokezana usingizi vitini: huyu dakika ishirini, yule macho, kisha wanabadilishana, na yote hujazwa kwenye fomu. Lakini kwa mbio zile nani alikuwa na muda wa fomu? Kapteni aliijaza kabla ya kuruka, usingizi wake na wa mwenzake, akajiona mjanja. Siku ile akalala zake. Zamu ya Kasuku ilipofika, mawingu mabaya yakawavaa mpaka wanatua.

"Nakudai dakika ishirini, kaka," Kasuku alimwambia wakifungua mikanda, anacheka. Akaingia kwenye gari lake. Alisinzia kwenye usukani, kona tatu kabla ya kwake, na hakuamka.

Kampuni ikaandika kwamba marehemu alikuwa amepumzika vya kutosha, hivyo ni uzembe wake. Mjane akaachiwa karatasi hiyo, awasomee watoto akipenda.

Tangu hapo kapteni hakujua usingizi. Akifumba macho, kiti cha Kasuku upande wa kulia kinakohoa. Msaidizi mpya hafungui mdomo, ila kapteni husikia mtu akimwuliza kwa upole, bila ugomvi wowote, zamu yangu lini. Nyumbani mkewe alishazoea kumkuta sebuleni ameketi wima, mikono magotini, kama abiria anayesubiri kutua.

Pale mbele ya meneja akaomba kalamu. Akayakata kwa mstari maneno yake kwenye fomu, akaandika chini: nilijaza kabla ya kuruka; mimi nililala, yeye hakulala. Akatia sahihi. Meneja akamwonya kwamba kwa hilo leseni atairudisha. Kapteni akamwambia amtolee nakala.

Kapteni alipompelekea, mjane aliisoma nakala hiyo amesimama mlangoni kwake. Akairudia.

"Miezi saba, shemeji," alisema. "Unakuja hapa, unakaa, unawauliza watoto habari za shule, kumbe hili unalo tumboni."

Kapteni hakujitetea. Alisema tu kwamba marehemu alikuwa anamdai dakika ishirini, na sasa mdai hayupo, hajui amlipe nani.

Mjane akamkagua: macho mekundu, mashavu yameingia ndani, shati limefungwa vifungo upande. Neno la msamaha hakulitoa, na nani angemlaumu? Akampisha, akamwonyesha kochi. Mwenyewe akavuta kiti, akaigeuza saa ya mezani imtazame.

"Lala," alisema. "Mimi niko macho. Zikiisha nitakuamsha."

Zilipotimia ishirini, mjane akaitazama saa, akamtazama mtu mzima anavyokoroma mdomo wazi. Akaigeuza saa itazame ukuta, akaenda kuwanyamazisha watoto.