Tundu la Mwisho

Jirani anaziba paa lake kwa lami, na harufu inanirudisha ndani ya behewa la mizigo. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Siku hiyo, alipokwisha kubadilisha mbao zilizooza, alinifungia humo mchana kweupe. Kila palipoingia mwanga nilichomeka kijiti, naye akapaziba kwa nje. Giza likazidi kunibana, jasho likanitiririka.

“Bado unaona mwanga, mwanangu?”

Lilibaki tundu moja, usawa wa jicho langu. Niliona shati lake, na jua.

“Sioni, baba.”

Mvua ya kwanza ikalowesha sukari ya watu iliyopakiwa humo. Msimamizi wake wa kazi akatufuata hadi nyumbani Temeke, amefura. Baba hakunitazama.

“Tundu nililiona, mkuu,” alisema. “Nikapitiwa.”