Mdomo Uliofungwa Hadharani

Mwanangu, juzi uliniletea msemo wa Kiingereza kutoka chuoni. Ulisema wenye lugha yao wakipewa siri hujibu: "Midomo yangu imefungwa." Ukaniuliza maana yake naiona namna gani. Nilikuwa nimechoka, sikukujibu. Leo pia nimechoka, lakini uzee haungoji mtu apumzike, basi sikiliza.

Naikumbuka siku ambayo Amisi, kijana wa jirani yetu wa Kisangani, alitumwa kunichukua Ubundu. Nilikuwa nimeolewa kule, nina mtoto anayenyonya. Aliniambia mama yangu anaumwa kidogo, ananiita. Tukapanda treni.

Unajua desturi yetu. Habari ya msiba haisemwi njiani. Mfiwa huambiwa kuna mgonjwa, mpaka afike nyumbani, aketishwe mkekani, wanawake wa kwao wamshike mabega. Ndipo mkubwa mmoja husema. Wengine huuita uongo. Mimi naona ni kumchagulia mtu mahali pa kuangukia.

Treni ile ilikwenda pole pole, ikasimama katikati ya msitu mtupu. Nikamwuliza Amisi mama anaumwa nini hasa. Akageukia dirisha.

"Yaya, dada yangu, usiniulize. Balinikataza kusema."

Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulinivunja. Nilimlilia mama yangu kati ya magunia ya samaki wakavu na watu nisiowajua. Mtoto akaniponyoka mapajani. Mwanamke mmoja alimdaka akambeba. Hata jina lake sikulijua, na angeweza kushuka naye kituo chochote. Hakushuka. Mungu amlipe popote alipo.

Tulipofika, mama mkubwa alikuwa kituoni na wanawake wawili waliokuja kunipokea. Aliponiona macho, akajua. Hakupaza sauti.

"Amisi, haukusema, ni kweli," alimwambia. "Lakini ulimuonyesha kama kuna kitu ya kuficha. Ungemujibu tu: 'Yaya, mimi ni mutu ya kutumwa, sijue magonjwa. Lete mutoto nimubebe.' Angefika kwanza nyumbani."

Amisi alilia kuliko mimi. Sikumchukia, alikuwa mtoto tu. Lakini nimezika wengi tangu hapo, na kilio cha mama yangu ndicho kisichoisha, kwa sababu sikukianzia nyumbani.

Kwa hiyo, mwanangu, msemo wako mwambie yule aliyekupa siri, mkiwa wawili, atulie moyo. Usimwambie yule anayefichwa. Ukimwambia umefunga mdomo, umeshasema nusu, na nusu iliyobaki ataijaza mwenyewe kwa hofu yake. Sisi husema mtu ana kifua, na mwenye kifua hakipigi mbele za watu. Mzungumzishe mwenzako mambo mengine, mpokee mzigo, mpe maji, mfikishe.

Nenda sasa, nilale kidogo. Mungu akupe kifua cha kutunza ya watu. Na habari nzito ikikujia, nawe haitakukosa, ikukute umekaa katikati ya wako.