Mashanta Mawili ya Kwenda Bonde la Célé

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi Machi, nilibonyeza kengele ya nyumba ya rafiki yangu, katika mji wa Haltom City, Texas, nikiwa na shanta mgongoni. Aliyefungua mlango alikuwa mama yake. Alinitazama usoni, akatazama mikanda iliyonibana mabegani, kisha akachungulia barabara nyuma yangu, kushoto na kulia. Hakuitikia shikamoo yangu. Aligeuka akaenda jikoni, nikasikia sufuria zikigongana.

Nilidhani anatutengenezea chai.

Rafiki yangu na mimi tulijuana tangu tulipopangwa zamu moja kwenye ghala la dawa kaskazini mwa Fort Worth. Mimi ni Mtanzania, yeye ni Mkongo wa Fizi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo lugha haikutusumbua. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisoma peke yangu juu ya mabonde ya kusini-magharibi mwa Ufaransa: mito inayopita chini ya majabali meupe, njia za miguu zinazounganisha kijiji na kijiji, makanisa ya mawe, ngome zilizojengwa ndani ya mapango. Sikusomea jambo hilo darasani. Nilianza na kitabu kimoja cha maktaba chenye picha, kikafuata kingine, na mwishowe nikajifundisha Kifaransa ili nisome walichoandika wenyeji wenyewe. Kukisoma niliweza, kukizungumza kulinishinda. Yeye alikizungumza tangu shule ya msingi.

"Wewe unasoma Kifaransa kama mtu anayesoma bili ya umeme," aliniambia siku nilipomsomea ukurasa mmoja wakati wa mapumziko. "Hawatakupa hata maji."

"Basi twende wote."

Alicheka. "Mtu anapanda ndege kwenda kutembea kwa miguu? Kaka, mimi kwa miguu nimeshatembea."

Wiki iliyofuata alinijia mwenyewe. Alikuwa amepata pasipoti ya Marekani miezi michache kabla, na haikuwa na muhuri hata mmoja. Alisema safari zake zote alifukuzwa au alipangiwa: Fizi alifukuzwa, Texas alipangiwa na watu wenye makaratasi. Alitaka moja aliyoichagua mwenyewe. Mara hii hakucheka, na tangu siku hiyo mpango ule ukawa wake zaidi kuliko wangu.

Tulinunua tiketi za kuondokea Houston, kwa kuwa huko zilikuwa na nafuu, tukalipia vitanda katika nyumba za wageni kando ya mto Célé. Kisha tukaanza mazoezi. Huku kwetu Texas mtu mzima akionekana anatembea barabarani, watu hudhani amepatwa na jambo. Majuma ya mwanzo tulitembea mikono mitupu kando ya mto Trinity, na tulipokatiza mitaa kurudi nyumbani kila mara lilitokea gari likapunguza mwendo. Mama mmoja Mkenya, muuguzi aliyekuwa akitoka zamu, alishusha kioo.

"Jamani! Magari yenu yamekufa yote mawili?"

"Tunafanya mazoezi, dada."

"Mazoezi gani, na mnafanana na watu waliofukuzwa na wake zao! Ingieni."

Mama wa rafiki yangu tulimsimulia hayo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kutembea kwetu hakukumsumbua hata kidogo. Ndiyo maana asubuhi ile ya Machi, ya kwanza kufanya mazoezi na mizigo kamili, sikutegemea lolote.

Rafiki yangu alitoka chumbani na shanta lake mgongoni. Tuliingia jikoni kuaga. Mama alikuwa ametandika kitenge sakafuni, na juu yake ameweka sufuria ndogo, blanketi, pakiti ya unga, na mfuko wa plastiki wenye makaratasi yote ya uhamiaji ya familia. Alikuwa amekaa chini akifunga kamba za viatu.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninyi mmeshafunga. Mimi nangoja nini?"

"Tunaenda mtoni tu, Mama. Saa sita tumerudi."

"Na mzigo wa nini?"

"Mazoezi."

Akanigeukia mimi, kwa heshima ya Kikongo. "Papa, wewe ni mtu mzima, usinifiche. Wanatuhamishia wapi?"

Nilimweleza kwa utaratibu, nikiamini kwamba jambo likielezwa vizuri hueleweka. Nilimwambia kuhusu Ufaransa, mto, siku kumi na mbili, kulala kila siku kijiji kingine, kubeba kila kitu mgongoni. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilizidisha hofu yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaunganisha ncha za kitenge na kukaza fundo.

"Niambieni siku tu," alisema. "Zamani hamkuniambia siku."

Hatukutembea asubuhi ile. Tulikaa ndani ya gari langu mbele ya nyumba, rafiki yangu akanieleza jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulisikia. Baba yake aliondoka asubuhi moja na mzigo mgongoni kwenda kutazama kama njia ya ziwani ilikuwa wazi. Alisema atarudi baada ya siku mbili. Walimngoja nane. Siku ya tisa milio ya risasi ilisogea karibu, wakakimbia bila kufunga chochote, na mpaka leo mama hajui kama mumewe alirudi akakuta nyumba tupu.

Tulijaribu kurekebisha. Tulihamishia mashanta kwenye buti la gari langu ili asiyaone tena. Rafiki yangu alimwonyesha picha za bonde kwenye simu, za wazee wa Kizungu wakitembea na fimbo huku wakitabasamu. Mama alizitazama moja baada ya nyingine, akauliza hao wametoka kambi gani. Furushi lilibaki nyuma ya mlango. Akaanza kulala na viatu. Jumapili moja, baada ya ibada, aliwashika mikono wanawake wenzake mmoja mmoja akiwaaga.

Mwishoni mwa Aprili rafiki yangu aliniambia haendi.

"Ni siku kumi na mbili tu," nilisema.

"Baba alisema mbili."



Mwezi Mei niliendesha gari peke yangu hadi Houston, nikaliacha mtaa wa Alief kwa binamu yangu, nikapanda ndege. Bonde lilikuwa kama nilivyosoma. Njia ilikuwa na alama zilizopakwa kwenye miti na mawe, mstari mweupe juu ya mwekundu, na mto ulikuwa wa kijani, unapita polepole chini ya majabali. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Katika nyumba ya kwanza mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, alikuwa ameandaa sahani mbili. Aliuliza mwenzangu yuko wapi. Nilijibu kwa Kifaransa changu cha bili ya umeme kwamba amebaki na mama yake.

"Ni mgonjwa?"

Nilitafuta neno nikalikosa, nikasema ndiyo.

Siku ya nne nilifika kwenye ngome ya pangoni ambayo nilikuwa nimeisoma kuliko zote. Ni ukuta wa mawe ulioziba mdomo wa pango juu kabisa ya jabali, wenye matundu madogo ya madirisha. Kibao kilieleza nani aliimiliki na nani aliiteka wakati wa vita virefu vya Wafaransa na Waingereza. Mambo hayo niliyajua. Nilijua hata namna chokaa ilivyopandishwa. Nilisimama chini kwenye mvua, mikanda ikinikata mabega, nikatambua kwamba katika kusoma kote sikuwahi kujiuliza watu wa kijijini walipanda pale wamebeba nini, wala nani aliachwa chini. Niliendelea mpaka mwisho wa njia kwa sababu tu vitanda vilikuwa vimelipiwa.

Niliporudi nilikwenda Haltom City mikono mitupu. Mama alinipa chai, akaomba kuona picha. Kwenye ile ya ngome alisita.

"Wa humu walimkimbia nani?"

"Askari, Mama."

"Walitoka?"

"Kibao hakikusema."

Alitikisa kichwa polepole, akampa mwanawe simu. Rafiki yangu aliitazama picha ile kwa muda, akauliza kama njia ya kushukia ilikuwa na utelezi. Nikasema ndiyo. Baadaye, aliponisindikiza kwenye gari, alisema pasipoti yake bado ina miaka tisa. Sote wawili tulijua kwamba hangeitumia mama yake akiwa bado hai.

Shirika la ndege halikumrudishia kitu. Nyumba mbili za wageni zilirudisha, nyingine zikakataa, na duka halikupokea viatu vyake vya safari, vilivyokwisha kukanyaga udongo. Nilitaka tugawane hasara, akakataa katakata. Alipoteza dola elfu moja mia sita na arobaini na mbili.