Kiti cha Misheck Kwenye Shuka

Mathilde, jirani yangu, anajulikana kwa mambo mawili: mkono mwepesi wa kutarizi na kichwa kigumu. Alivuka ziwa kutoka Kongo mwaka 2017 na sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, akapita Kenani, kituo cha wakimbizi, pamoja na wenzake, kisha akaolewa hapa Nchelenge, upande huu wa ziwa, na Misheck, mvuvi asiye na ugomvi na mtu. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mathilde alizaliwa nacho, Misheck alikiokota kwenye biashara ya samaki. Miaka yote hiyo Mathilde ametarizi maua kwenye foronya za maharusi. Mimi ninazo nne na sijawahi kuzilalia, ni za wageni.

Kabla ya Krismasi iliyopita, kina mama wa kanisa letu walitangaza kwamba tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, vitambaa vya kutarizi kuhusu usawa wa mume na mke vitatundikwa uwanjani. Wengi wetu tulishona mizani. Mathilde alikataa. Alisema mizani anayoijua yeye ni ya wanunuzi wa chisense, hawa dagaa wetu, na hiyo haijasema kweli hata siku moja. Akatoa shuka jeupe la kitandani kwake, akaanza kutarizi siku moja ya nyumba yake, tangu kuamka hadi kulala. Alijiwekea sharti: asiloliona kwa macho yake halishoni.

Balaa ni kwamba ulikuwa mwezi Desemba. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Februari ziwa hufungwa ili samaki wazaane, na wavuvi wote wanajaa nyumbani. Mathilde akajishona akichota maji, akifagia, akitwanga muhogo, akimwogesha mtoto wao Dany. Nilihesabu Mathilde kumi na mmoja. Misheck alikuwa mmoja tu, katikati kabisa ya shuka, ameketi kwenye kiti chake. Na kiti hicho kila mvuvi anakijua: kimesukwa kwa kamba za buluu za nyavu kuukuu, na mguu mmoja ni mfupi.

Misheck hakuona ubaya wowote mpaka Chama, mwenzake wa mtumbwini, alipopita, akalitazama shuka, akacheka hadi akaushika mlango. Chama alipoondoka nikasikia maneno. Ukuta wetu ni mfupi, kwa hiyo msiniulize nilisikiaje.

"Bana Dany, njo miye ule mu kiti?" Misheck akauliza. Ndivyo anavyomwita mke wake, yaani mama Dany.

"Ndiyo, njo weye."

"Bantu bote bataniona. Unitoshe pale. Uniweke niko nachota mayi."

"Ulichota siku gani?"

Kiti kikalia kwa mguu wake mfupi.

"Mi sishonake bongo, kitu ya uongo, baba Dany. Kitu macho yangu haikuona, sindano haiwezi kuona."

"Basi ile shuka haitatoka mu hii nyumba."

Mathilde alikuja kwangu analia. Tangu azaliwe, kazi ya mkono wake haijatundikwa mahali watu wakasimama kuitazama. Foronya huonwa na bibi harusi na kunguni. Nilimshauri amshonee mume wake ndoo moja ya uongo, yaishe. Akaniangalia kwa jicho ambalo bado linaniuma, akafuta machozi, akarudi kwake.

Asubuhi yake natoka, namwona nani njiani? Misheck, shingo imekakamaa, ndoo kichwani, nusu ya maji mgongoni. Wanawake wa bombani walikuwa wamekwisha kumcheka vya kutosha. Mathilde alisimama mlangoni amekunja mikono, akamtazama mpaka alipoitua. Jioni akamshona na ndoo yake, na matone yakimwagika.

"Na ile matone juu ya nini?" Misheck akalalamika.

"Niliyaona."

Kuanzia siku hiyo mwanamume hakugusa kazi bila kuita shahidi kwanza. "Bana Dany, kuya mbele uone!" Akatwanga muhogo, akafua, akamwogesha Dany mpaka mtoto akakimbia. Kila kilichoonekana kilishonwa. Katikati ya Februari Mathilde alimfumua yule wa kwenye kiti, kwa sababu alisema mtu yule hayupo tena. Kiti kikabaki kitupu, na Misheck akasema sasa shuka linaweza kwenda uwanjani.

Lakini alikuwa amejifunza sharti, na lilimkaa kichwani. Siku moja akaliangalia shuka, akauliza, "Na weye, unakalaka siku gani?"

Mathilde akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia kuchukua ufagio.

"Kiti iko wazi," Misheck akasema. "Lakini mbele nikuone kwanza."

Tarehe saba Machi ziwa lilikuwa limeshafunguliwa. Misheck alirudi na samaki, akaweka sufuria jikoni, akamkalisha mke wake kwenye kiti. Mathilde akainuka kuangalia moto. Akarudishwa. Akainuka kufukuza kuku. Akarudishwa. Mara ya tatu alibaki, machozi yakamtoka, akasema miguu yake haijui ifanye nini. Nilicheka upande wangu wa ukuta, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hata yangu haijui.

Ili asiinuke tena kwenda kujishona mwenyewe, Misheck akamnyang'anya sindano. "Mi natengenezaka nyavu toka butoto. Hii itanishinda?" Akamshona Mathilde kwenye kile kiti kitupu cha shukani kwa uzi wa nyavu, kwa mafundo ya nyavu. Kichwa kilitoka kikubwa kuliko sufuria.

Kesho yake mizani zetu zilitundikwa tisa kwa mstari, hakuna aliyesimama. Kwenye shuka la Mathilde watu walijaa mpaka wengine wakachungulia mabegani mwa wenzao. Mgeni mmoja alionyesha kile kichwa, akamwuliza kwa upole kama hapo hakukosea, na kama atafumua.

"Sitafumua," Mathilde akajibu. "Pale nilikala kweli."

Alijibu bila kuinuka. Misheck alikuwa amekibeba kile kiti kutoka nyumbani na kuuwekea mguu mfupi kijiwe, na Mathilde alikikalia mpaka saa kumi.